Mahali Kiwango Kinapopatikana

Juzi ulinipigia simu kuniuliza kiwango kipya cha mifuko ya kupakia chumvi kinapatikana wapi. Ulinikuta nimeshika kuku, kwa hiyo nilikujibu kwa mkato, na nikasikia kwenye sauti yako kwamba mkato ule haukukupendeza. Kuku alishaliwa. Nafasi ninayo, tena nyingi kuliko nilivyozoea, nami nimeona nikuandikie jibu kamili, maana swali lako ndilo lililonilisha tangu nije pwani hadi nilipokuachia meza. Habari za vyeo na mshahara hutazikuta humu. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu hata hakikuenea kwenye kitambulisho, na sikumbuki mtu aliyewahi kukitumia.

Nilifika Gongoni nikitokea Mwingi, nina cheti cha maabara na Kiswahili cha kwetu, kile ambacho kila kitu ni "ya". Kiwanda unakijua: mabwawa ya maji ya bahari yanayokauka juani, wanaume na majembe yao, bohari, mtambo wa kuchanganyia, na kile chumba chenye feni mbovu tunachokiita maabara. Feni ilikuwa mbovu hata wakati huo. Siku ya kwanza msimamizi alinizungusha mabwawani, na kila tulipofika alininyooshea kidole akisema, "Huyu ndiye mtu wa kiwango." Watu wakainua vichwa. Mmoja akachomeka jembe lake chumvini, akanitazama tangu viatu hadi kichwani. Nami nikasimama wima zaidi, nikijiambia kwamba watu wa pwani wanaiheshimu sayansi.

Heshima hiyo iliendelea. Salamu zangu hazikuitikiwa. Mama wa mahamri pale langoni aliniambia yamekwisha, nami nayaona yanatoa mvuke kwenye beseni. Mwishowe akaja msichana mmoja wa kupakia, Sidi, Mgiriama wa papo hapo Gongoni, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kijiji cha pili. Alisimama mlangoni kwangu bila kubisha hodi.

"Dada, sisi twataka kujua. Hicho kiwango utakiongeza lini?"

Niliona ni swali zuri kutoka kwa mfanyakazi wa kawaida, nikamjibu kama nilivyofundishwa chuoni. "Kiwango ya chumvi inabadilika kila baada ya miaka kadhaa. Na kila ikibadilika inakuwa kali zaidi."

Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake. Kabla ya chakula cha mchana mabwawa yote yalikuwa yamesimamisha kazi.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kule mabwawani kiwango ni kile kipande cha kazi ambacho mtu lazima akimalize ndipo aende nyumbani. Mtu wa kiwango ni yule anayekuja na kamba kukirefusha. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimetoka bara na cheti changu, nikaja kuwatangazia kwamba vipande vitarefushwa, tena kila baada ya miaka kadhaa, na kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda duniani.

Aliyetuokoa ni Bwana Athmani, mkuu wa maabara, mtu wa mji wa kale wa Malindi, ambaye shati lake lilipigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Alitoka juani, jambo ambalo hakulipenda, akawakusanya watu. "Jamani, tulizaneni. Kiwango cha huyu binti ni cha chumvi, si chenu. Binadamu hajachapishiwa kiwango bado. Siku kikitoka nitawasomea mimi mwenyewe." Wakacheka, wakarudi kwenye majembe yao. Kisha akanigeukia. "Nawe, mwanangu, ni kiwango *cha* chumvi. Cha. Ukijikwaa hapo mlangoni, huko ndani utafika kweli?"

Hivyo ndivyo nilivyompata mwalimu wangu. Kabati lile la chuma ulilolikuta lilikuwa lake, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi, chini ya shati. Ndani mlikuwa na kiwango cha chumvi ya kula, cha chumvi ya viwandani, cha magunia, cha mizani, cha maji ya kunywa, vyote vimevalishwa karatasi za kaki kama vitabu vya watoto wa shule. Hakuazimisha. Nilipomwomba kimoja nikakisome nyumbani, alinitazama kama niliyemwomba meno yake. "Hili si gazeti la kufungia mahamri. Kaa hapo usome, ukimaliza nipe."

Kiwango kipya kilipotoka alikwenda Mombasa mwenyewe kukinunua, kwa kuwa hakuiamini posta na aliwaamini madereva wa kampuni kidogo zaidi ya hapo. Siku hiyo alivaa kama mtu anayekwenda kuposa. Aliporudi alinawa mikono kwanza, ndipo akakisoma tangu jalada hadi mwisho, pamoja na majina ya wanakamati waliokiandika, ambao aliwatolea hukumu mmoja mmoja. "Huyu alikwenda kunywa chai tu," alikuwa akisema, akigonga jina la mtu kwa kidole.

Mimi alinifundisha kusoma upya. Usiingie ndani, alisema, kabla hujatazama nambari ya kiwango, mwaka wa toleo, na kama kuna karatasi ya marekebisho iliyochomekwa. Kisha soma kichwa chote, hata kama ni kirefu, ujue kinazungumzia chumvi gani. Na ukifika kwenye jedwali, usiiamini tarakimu mpaka umeona imesimama chini ya kipimo gani. Nilimwona ni mzee msumbufu. Nilikuwa na haki ya kumwona hivyo, kwa sababu alikuwa msumbufu kweli. Alipima hata chumvi ya mgahawani na kumwandikia mpishi ripoti.

Wakati mmoja mnunuzi kutoka Mombasa alitukatalia shehena nzima akidai ina unyevu kupita kiasi. Alikuja na kiwango chake mkononi, fotokopi ya fotokopi, imefifia hadi imekuwa rangi ya maji ya mchele, na katikati ya tarakimu ya unyevu kulikuwa na nukta. Bwana Athmani akavuta uzi shingoni, akafungua kabati, akalaza chetu kando ya kile cha mgeni. Chetu hakikuwa na nukta mahali hapo. Tuliichunguza ile nukta kwa lenzi ya maabara. Ilikuwa alama ya nzi aliyetua kwenye kioo cha mashine, Mungu anajua katika duka gani na mwaka gani. Mgeni akashikilia kwamba kwenye nakala yake nukta ipo, na yeye anafuata nakala yake.

"Basi hicho ni kiwango cha nzi," Bwana Athmani akamwambia kwa upole. "Mtafute yeye akuuzie chumvi."

Shehena ilipokewa. Baadaye Bwana Athmani alistaafu, akanipa ufunguo ukiwa bado una joto la kifua chake, akarudi kwao Malindi. Mpaka leo nikimtembelea, nikishampa shikamoo, huniuliza hali ya kabati kabla ya kuniuliza hali ya watoto.

Sasa swali lako. Kiwango cha taifa hununuliwa kwa waliokichapisha, yaani ofisi ya viwango, huko Mombasa au Nairobi, au kwenye duka lao la mtandaoni. Duka hilo lipo na linafanya kazi, jambo ambalo watu hawaamini mpaka walione. Ukitaka kusoma tu, uliza chumba chao cha kusomea. Unakaa, unasoma, unaandika kwa kalamu yako. Nimekaa humo mara nyingi na sikumbuki kugombania kiti na mtu. Viwango ambavyo nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana huulizwa hapo hapo, na uulize kwanza, maana siku hizi huenda kiwango cha taifa kimestaafu kama mimi na nafasi yake imeshikwa na cha kanda. Vya kimataifa vya viwanda huagizwa kupitia kwao pia. Vya kimataifa vya chakula vimewekwa wazi mtandaoni, bure kabisa, na labda ndiyo sababu hakuna anayevisoma. Usichanganye kiwango na sheria. Sheria iko kwenye gazeti la serikali, nayo itakuambia kwamba ni lazima ukifuate kiwango fulani, lakini haitakuambia kiwango hicho kimesema nini.

Ningeweza kuishia hapo, na kwenye simu niliishia hapo. Lakini nataka uijue habari ya Sidi, kwa sababu bado mko naye na kwa sababu hawezi kukusimulia bila kupiga kelele.

Sidi alikuwa ametoka kwenye kupakia zamani, akawa ndiye anayeendesha mtambo wa kuchanganyia. Unajua kazi yenyewe: chumvi inapita, na unga wa aidini unanyunyiziwa ndani yake ili watu wasiote rovu shingoni. Ukutani kando ya mtambo palikuwa na karatasi yenye mstari mmoja wa maana, unaosema unga utiwe kiasi gani kwa kila tani ya chumvi. Karatasi ile niliitoa mimi kwenye kiwango cha kabatini, nikaiandika kwa herufi kubwa. Sidi aliifuata kwa ukali. Aliwahi kumfukuza mkurugenzi kwenye mtambo kwa sababu alikuwa anamzibia mwanga.

Mama yangu akaugua, nikaenda Mwingi kumuuguza, na likizo ikawa ndefu kwa sababu ugonjwa ulikuwa mrefu. Nikiwa huko tulipata meneja mpya kutoka makao makuu, kijana mchangamfu, mwepesi wa simu. Rafiki yake akamwarifu kwamba kiwango cha chumvi kina toleo jipya, akamtumia picha ya jedwali. Meneja akaenda na kalamu nene hadi kwenye mtambo, akakata tarakimu yangu ukutani, akaandika mpya, ambayo ilikuwa ndogo zaidi. Unga ukaanza kudumu bohari, maana ulitumika kidogo. Makao makuu wakamwandikia barua ya pongezi kwa kubana matumizi. Barua ile ilitiwa fremu.

Kisha wakaguzi wakachukua pakiti zetu madukani, Malindi na Kilifi, wakapima, aidini ikawa pungufu mno. Walitupa muda mfupi tujirekebishe, la sivyo tungenyang'anywa alama ya ubora. Meneja akamtafuta mwenye kosa, na hakwenda mbali. Niliporudi nilimkuta Sidi amesimamishwa kazi, anasubiri kikao cha nidhamu Ijumaa, na mashtaka ni kwamba alikuwa anapunja unga kwa uvivu.

Nilimfuata kwake. Alikuwa anachambua mchicha kwa nguvu ambayo mchicha hauihitaji.

"Namba nilitia ile ile ya ukutani, Dada Mueni. Sikupunguza, sikuongeza. Kama namba ni mbaya, niliiandika mimi?"

"Meneja anasema namba ni ya kiwango kipya. Wewe ndiye hukuifuata."

"Mulungu wangu!" Akautupa mchicha. "Wajua wamenifanyani? Juzi hapo kwa jirani kuna matanga. Nimekwenda kupika kama siku zote, wali wa watu wengi vile. Wamenipokonya chumvi, dada. Wanambia, we Sidi kaa kwenye vitunguu." Alianza kucheka, kisha akalia, na alilia kwa muda mrefu.

Nilipandwa na hasira. Akifukuzwa kwa kosa lile, hakuna kiwanda cha chumvi tangu Gongoni hadi Marereni ambacho kingemgusa, na nyumba ile alikuwa akiilisha yeye. Lakini hasira haipimi kitu. Nilirudi maabara nikapima chumvi iliyobaki, na kweli aidini ilikuwa pungufu. Nikapiga hesabu ya unga uliotumika, na kweli ulilingana na tarakimu ya ukutani sawasawa. Sidi alisema kweli, na meneja naye, kwa namna yake, alisema kweli. Kilichobaki ni kujua kiwango chenyewe kimesema nini, na kile cha kabatini kilikuwa toleo la zamani.

Nikaenda kwa meneja kumwomba tununue kipya.

"Madam, kwa nini tununue? Hiyo kitu iko kwa mtandao bure. Hata iko kwa simu yangu." Akanionyesha ile picha. Ilikuwa picha nzuri, yenye mwanga wa kutosha, na juu ilikuwa imezibwa mahali pale pale ambapo kipimo huandikwa. Kidole gumba cha mpigaji kilionekana vizuri zaidi.

Nilipanda bodaboda hadi kwa majirani zetu, kiwanda kingine, ambako mwenzangu wa maabara alinipokea kwa furaha akasema wanacho, tena wamekitunza. Akaleta faili. Ndani yake mlikuwa na fotokopi ya toleo la zamani, ina mwandiko wa Bwana Athmani pembeni: "Huyu alikwenda kunywa chai tu." Kwa hiyo mtu aliwahi kuufikia ule ufunguo. Sikumwambia Bwana Athmani. Ana moyo dhaifu.

Malindi niliingia ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Kiwango walikuwa nacho. Nilikiona kwa macho yangu, kipya, kimekaa nyuma ya kioo cha kabati lililofungwa. Afisa mwenye ufunguo alikuwa amekwenda semina, na semina yenyewe ilihusu umuhimu wa kuwafikishia wananchi viwango. Karani alinihurumia. Aliniruhusu nikitazame kupitia kioo nitakavyo, na nilikitazama, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali.

Nikavuka barabara hadi duka la kompyuta. Kijana wa pale alinisikiliza, akabofya, akaniambia kwa fahari kwamba amepata kiwango cha chumvi, bure, kurasa zote. Alikichapa chote kabla sijamzuia. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Kilikuwa cha chumvi ya kumwagwa barabarani wakati wa baridi kali ili barafu iyeyuke. Nje jua la Malindi lilikuwa linayeyusha lami. "Lakini ni chumvi, mama," kijana akasema, na hapo hakukosea.

Basi nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya asubuhi, ambacho hakuna mtu pwani nzima aliyekuwa amenishauri nikifanye. Nikaketi kwenye kompyuta ya yule kijana, nikaingia duka la waliokichapisha, nikalipa kwa simu yangu, na kabla chai yangu haijapoa kiwango kikafika. Kila ukurasa ulikuwa na jina langu chini kabisa, na maneno kwamba kimeuzwa kwangu mimi na hairuhusiwi kunakiliwa. Nikatazama nambari, mwaka, marekebisho, kichwa. Nikafika kwenye jedwali.

Tarakimu ilikuwa ile ile ya meneja. Juu yake, mahali penye kidole gumba, paliandikwa kipimo. Toleo la zamani lilihesabu unga, na jipya linahesabu aidini yenyewe iliyo ndani ya unga. Ni tofauti ya kupima nazi na makumbi yake na kupima nyama ya nazi peke yake. Meneja alisoma uzito wa nyama, akaenda kuuandika kwenye karatasi inayouliza uzito wa nazi nzima. Sidi akatia nazi chache, kama alivyoagizwa.

Ijumaa kikao kikaketi: meneja, mtu wa makao makuu, mwakilishi wa wafanyakazi, mimi, na Sidi katika gauni lake la kanisani. Nikalaza matoleo yote mawili mezani, nikaeleza kwa nazi, kwa sababu mtu wa makao makuu alikuwa mhasibu. Nilimtazama meneja nikitarajia angalau ainamishe kichwa.

"Kwa hivyo namba niliandika sawa," akasema, akapumua.

"Namba uliandika sawa," nikakubali.

"Shida ilikuwa tu ile kitu ya juu."

"Ile ya juu tu."

Mtu wa makao makuu akaandika kwamba hitilafu ilitokana na upungufu wa nyaraka, akampongeza meneja kwa kuwa na kikao cha wazi. Mashtaka ya Sidi yakafutwa kwa mstari mmoja. Unga ukarudishwa kwenye kiasi chake, wakaguzi wakaja tena, chumvi ikapita. Barua ya fremu ilibaki ukutani. Nenda ofisini kwake ukaitazame.

Sidi hakushangilia. Siku ya kurudi kazini meneja alimletea karatasi ya kusaini, kwamba amekisoma kiwango kipya, amekielewa, na atakifuata. Wengine wote walikuwa wamesaini. Sidi akakiomba kiwango chenyewe. Nikampa nakala niliyoinunua. Aliifungua, akapitisha macho juu ya kile Kiingereza cha wanasheria, ukurasa baada ya ukurasa, akanirudishia.

"Cha Kiswahili kinapatikana wapi?"

Nilikuwa nimejibu swali la namna hiyo maisha yangu yote ya kazi. Nikamwambia sijawahi kukiona. Chumvi inaliwa na kila mtu kuanzia hapo hadi mpakani, inachanganywa na Sidi, na kanuni yake haijaandikwa mahali popote kwa lugha ya yeyote kati yao. Meneja akapiga simu Nairobi kuuliza, na kwa hilo namshukuru. Wakamjibu kwa adabu kwamba toleo rasmi ni la Kiingereza, na tafsiri yoyote haina nguvu ya kisheria.

"Basi sisaini," Sidi akasema. "Nimekaribia kufukuzwa kwa karatasi nisiyoijua. Ya pili mnifukuze kwa kukataa, angalau nitakuwa najua sababu."

Meneja akasema asiyesaini haruhusiwi kugusa mtambo. Nikaona tumerudi palepale, na safari hii hakuna duka la kwenda. Nikamwomba anipe siku chache.

Tuliketi na Sidi wakati wa mapumziko, nyuma ya bohari ambako upepo haufiki, mimi nikitafsiri, yeye akila muhogo na kunisimamisha. "Hapo sijafahamu, sema tena." Nilidhani nakijua kile kiwango, lakini alinionyesha ninakijua Kiingereza chake tu. Tulipofika mahali panaposema kiwango cha aidini lazima kilingane na kiwango hiki, akaweka muhogo chini. "Viwango viwili vya nini? Na kile cha mabwawani ni cha tatu?" Tukakubaliana kwamba kitakachotiwa tukiite kiasi, karatasi tuiite kiwango, na cha mabwawani kibaki kipande. Bwana Athmani niliyempigia simu alitusahihishia ngeli mbili, akataka kujua kama tumenawa mikono.

Kazi ilipokwisha niliichapa, nikaweka kwenye karatasi ya kusaini maneno kwamba anakubali kile alichosomewa kwa Kiswahili. Nilimwambia wazi kwamba maandishi yale hayana nguvu yoyote ya kisheria. Akasema nguvu atatia yeye.

Alishika kalamu, akaitazama karatasi.

"Na hiki kikibadilika tena?"

"Kitabadilika. Nitakwambia."

"Wewe si mwezi ujao waenda zako?"

"Atakuja mwingine kwenye meza yangu. Yeye ndiye atakayekuwa akiangalia. Kikibadilika atakuja hapa kwako, akueleze kwa Kiswahili, kabla mtu hajagusa namba ya ukutani."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haiandiki.

"Jina lake nani?"

Nilikuwa sijakuona bado. Nilikuwa nimeliona jina lako tu kwenye barua ya ajira. Nikamtajia. Akalirudia polepole, la kwanza na la baba yako, asije akalisahau, ndipo akasaini.